Nilimwambia shemeji mnara wake ndio uliomuua mama yake

Shikamoo mama,

Nakusoma kila wiki kwenye simu, na mara nyingi namsomea na mume wangu. Leo naandika mwenyewe na yeye hajui.

Tunaishi kijijini, Newala. Mwaka juzi shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikodisha kipande cha uwanja wa familia kwa watu wa mnara wa simu. Wakati ule wote tulifurahi. Kabla ya hapo ukitaka kupiga simu ulikwenda kusimama juu ya kichuguu nyuma ya mwembe, na mara nyingine simu inashika mtandao wa Msumbiji inakula salio lote. Mnara ukajengwa hatua kama thelathini kutoka dirisha la chumba anacholala binti yangu Zai. Ana miaka 10, yuko darasa la nne. Chini ya mnara kuna uzio wa chuma, na ndani yake jenereta kubwa. Umeme ukikatika linaunguruma usiku kucha hata vikombe kabatini vinalia.

Miezi minane baada ya mnara kuwaka, mama mkwe akagundulika ana saratani ya mlango wa kizazi. Alipimwa hospitali ya mkoa Ligula, akapelekwa hospitali ya saratani Ocean Road, akarudi, mwaka haukuisha akafariki. Mungu amrehemu. Baadaye ndiyo dada yake akatuambia kwamba alikuwa anatokwa na damu siku nyingi sana, anajistiri kwa vitambaa, hasemi kwa aibu.

Sasa Zai anaumwa kichwa. Anaamka nacho asubuhi, anasema kinagonga na macho yanawasha, akiwa shuleni ikifika saa nne kinapoa. Zahanati wamempa panadol mara tatu. Likizo ya Juni nilimpeleka kwa mama yangu Kitangari wiki mbili, hakuumwa hata siku moja. Alirudi, siku ya tatu kichwa. Umeme unapokatika ndiyo mbaya zaidi. Nilidhani mnara nao utazimika angalau mtoto apumzike, kumbe hauzimiki, na siku hizo ndizo anazoumwa kuliko zote. Mimi mwenyewe usingizi sipati, nasikia mwili kama unawaka. Na mikorosho mitatu iliyo karibu na uzio imekauka matawi.

Maneno kijijini ni mengi. Wanasema mionzi ya mnara inachoma damu. Siku ya gulio alipita kijana anauza stika za kubandika nyuma ya simu, za kukata mionzi, moja shilingi 15,000. Nikanunua mbili.

Siku ya arobaini ya mama mkwe watu walijaa. Masinia yanapangwa, shemeji akasema kodi ya mnara ndiyo iliyonunua ng'ombe tuliyemchinja. Mama, sijui nini kilinipanda. Nikasema mbele ya watu: "Kula shemeji. Mnara wako ndio uliomuua mama yako, na sasa unamla mwanangu." Akanawa mikono akaondoka bila kugusa tonge. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu, mume wangu hanisemeshi vizuri, na vijana wawili wa ukoo wanasema watakwenda usiku kukata nyaya za mnara.

Zai alisikia yote. Juzi usiku ameniuliza: "Mama, na mimi nitakufa kama bibi?" Sikuwa na jibu.

Je, ni kweli mnara unaua? Tuhame? Mdogo wangu aliyeko Mtwara ananiambia niende kwake, amepata kiwanja, lakini kiko kando ya zile nyaya kubwa za umeme zinazokwenda Mahumbika, naona nitaruka majivu nikanyage moto. Na shemeji nimfanyeje?

Mama Zai, Newala

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa swali la Zai, hata mimi limeninyima usingizi. Nitakujibu yote, ila tuanze na mtoto.

Mpeleke hospitali ya wilaya wiki hii, zahanati basi. Mtoto anayeamka na kichwa wiki baada ya wiki hamalizwi kwa panadol za kurudia. Omba apimwe malaria, apimwe wingi wa damu, choo na mkojo vichunguzwe kama ana minyoo au kichocho, na macho yapimwe kwa ubao wa herufi. Nilipokuwa nesi wodi ya watoto huku kusini alikuja mvulana ambaye nyumbani kwao walishakata shauri kwamba anaumizwa na transfoma iliyokuwa kwenye nguzo mbele ya mlango. Baba yake alikuwa amehamisha kitanda mara tatu. Nikamwambia yule mtoto anisomee kalenda ya ukutani. Akaisogelea, akaisogelea, mpaka pua ikagusa karatasi. Alipopata miwani, kichwa kikaisha. Huenda Zai macho yake ni mazima kabisa, lakini hatujui mpaka apimwe. Wakikosa kifaa Newala watakuandikia kwenda Ndanda au Ligula.

Na haya yashike vizuri: akianza kutapika asubuhi, kichwa kikimwamsha usingizini, akiona vitu viwili viwili, akiyumba anapotembea, akipata degedege, au homa na shingo kukakamaa, usisubiri siku ya pili. Ni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sasa chukua barua yako tuisome wote, maana naona majibu mengi umeshayaandika mwenyewe.

Unasema Zai anaumwa zaidi siku umeme unapokatika. Mnara wa simu unatoa mawimbi yake umeme uwepo usiwepo, na jenereta limewekwa pale kwa kazi hiyo hiyo, mnara usizimike. Kama mawimbi ndiyo yanayomuumiza, angeumwa siku zote sawasawa. Kinachoongezeka umeme ukikatika ni jenereta: moshi wake, mngurumo wake, mtikisiko wake. Unasema anaamka nacho na macho yanawasha, kisha akitoka nyumbani kinapoa. Moshi wa dizeli unawasha macho na koo, unaleta kizunguzungu na kuuma kichwa. Na Kitangari, mwanangu, si kuna mtandao? Ulipompigia mama yako kumuulizia Zai, simu yake iliitikia mnara upi kama si wa kule kule?

Simama leo dirishani kwa Zai utazame bomba la moshi la lile jenereta limeelekea wapi. Pitisha kidole juu ya kizingiti cha dirisha, kisha kwenye chandarua chake upande wa ukutani. Ukiona masizi meusi yenye harufu ya mafuta, moshi unaingia na mtoto anaulalia.

Nina maswali mengine mawili ambayo barua yako haikuyagusa. Umeme ukikatika mnawasha nini chumbani kwake? Kama ni koroboi, nayo ni moshi ndani ya chumba kilichofungwa. Na salfa, ule unga wa dawa ya mikorosho, mnaiweka wapi? Nimeingia nyumba nyingi za wakulima huku nikakuta mifuko ya salfa imepangwa chumba cha watoto, kwa sababu ndicho chenye mlango wa kufunga. Vumbi lake linawasha macho na kifua hata mfuko ukiwa umefungwa kamba. Kama ni hivyo kwako, itoke leo.

Fanya hivi. Kuanzia usiku wa leo Zai alale chumba cha upande wa pili wa nyumba. Chukua daftari, kila asubuhi andika tarehe, umeme ulikatika au haukukatika, jenereta liliwaka saa ngapi, mtoto amelala wapi, kichwa kimeuma au hakikuuma. Wiki tatu tu. Daftari hilo litamsaidia daktari, na litakusaidia wewe mbele ya wenye mnara, kuliko maneno yote ya gulioni.

Nije kwenye mionzi yenyewe. Kiswahili chetu kimetumia neno moja kwa vitu viwili, na hapo ndipo hofu ilipoingilia. Mashine ya eksirei ni mionzi, dawa ya kuchoma saratani aliyopata mama mkwe Ocean Road ni mionzi, na simu nayo tunasema ni mionzi. Mtu amemwona mgonjwa amerudi Dar es Salaam ngozi imebabuka, akisikia mnara una mionzi, anaona moto ule ule. Kumbe ile ya hospitali ina nguvu ya kuvunja chembe za mwili kutoka ndani, na kwa sababu hiyo inapimwa kwa uangalifu mkubwa kabla ya kumpiga mgonjwa. Ya mnara ni mawimbi ya redio, ndugu wa yale yanayoleta taarifa ya habari kwenye redio ya babu yako. Hayana nguvu ya kuvunja kitu ndani ya chembe. Yakiwa mengi sana na karibu sana, yanapasha mwili joto. Viwango vya kimataifa vimewekwa kuzuia joto hilo, na vimewekwa chini sana kuliko pale linapoanza. Kwa mawimbi ya megahezi 900, ambayo simu zetu nyingi zinayatumia, mwananchi hatakiwi kupata zaidi ya wati 4.5 kwa kila mita ya mraba. Jua la saa sita linamwaga karibu wati 1,000 kwenye mita hiyo hiyo.

Anayekaa karibu na mnara anapata kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza mwaka 2006 kwamba vipimo vya sehemu wanazofika watu vilionyesha kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya kiwango kinachoruhusiwa. Chini ya mguu wa mnara mara nyingi panapata kidogo. Fikiria tochi umeifunga juu ya mnazi umeielekeza bonde la Ruvuma. Mwanga unakwenda mbele, na aliyekaa shinani yuko gizani. Antena nazo zinatupa mawimbi mbele kuelekea mbali, yanagusa ardhi mita 50 hadi 300 kutoka mnarani, na yakifika huko yameshatawanyika.

Kinachokupa mawimbi mengi kuliko mnara ni simu unayoibana sikioni, kwa sababu imegusana na kichwa chako. Na simu ina tabia moja: mtandao ukiwa hafifu inajikaza, inapandisha nguvu ili imfikie mnara wa mbali. Wakati ule unasimama juu ya kichuguu simu yako ilikuwa inapiga kelele kwa nguvu zake zote pembeni ya sikio. Leo mnara uko jirani, inanong'ona tu.

Sitakuficha linaloleta mjadala. Mwaka 2011 shirika la WHO la utafiti wa saratani, IARC, liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikaleta saratani. Wasiwasi wao ulitokana hasa na watu waliozungumza na simu sikioni saa nyingi kwa miaka, na ushahidi wenyewe waliuita hafifu. Kundi hilo ndilo walimoweka hata maji ya jani zima la mshubiri. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi ulioagizwa na WHO, uliokusanya tafiti 63 za kati ya mwaka 1994 na 2022, na haukuona uhusiano kati ya kutumia simu na saratani ya ubongo. Sasa sikiliza hili, mwanangu, maana ndilo lililonifanya nikae kukuandikia kurasa zote hizi: IARC hao hao mwaka 2012 waliuweka moshi wa injini za dizeli kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, kundi moja na tumbaku. Kijiji kizima kinatazama juu kwenye antena, na kilichothibitika kiko chini ndani ya uzio, kinapumulia dirisha la mtoto.

Na usingizi wako? Naamini huupati. Mngurumo wa usiku kucha peke yake unatosha. WHO wanashauri kelele chumbani isizidi desibeli 30 mtu alale vizuri, na hapo vikombe havilii kabatini. Ila hofu nayo inakesha na mtu. Watafiti wamewakalisha chumbani watu waliosema wanaumizwa na mawimbi, wakawa wanawasha na kuzima mtambo bila kuwaambia. Hawakuweza kujua umewashwa saa ngapi, na wengi waliumwa hata ukiwa umezimwa. Waliumwa kweli, mwili ulikuwa unawaka kama wako unavyowaka. Nakuambia haya ili ujue kwamba mwili wako unaweza kupoa hata mnara ukiwa bado umesimama pale.

Tuje kwa mama mkwe. Saratani ya mlango wa kizazi inasababishwa na kirusi kiitwacho HPV, kinachopatikana kwa kujamiiana, na kutoka kirusi kuingia mpaka saratani kutokea hupita miaka mingi, mara nyingi 10 mpaka 20. Miezi minane haitoshi. Na dada yake mwenyewe amekuambia damu ilikuwa inatoka siku nyingi. Ugonjwa ule ulikuwa ndani ya mwili wake kabla mtu yeyote hajaja kupima uwanja wenu. Aibu ndiyo iliyomchelewesha, na aibu hiyo nimeiona kwa wanawake wengi wa huku, wanaficha kanga yenye damu mpaka harufu inawasema.

Hapo una kazi mbili. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja inatosha. Zai ana miaka 10. Waulize walimu au kituo cha afya kama amechanjwa. Kama bado, siku hiyo hiyo unayompeleka kupimwa kichwa apate na chanjo. Wewe nenda ukapimwe mlango wa kizazi. Wanapaka siki, wanatazama, dakika chache umemaliza. Usikubali mtu akutishe kwa maneno, mimi nimepima mamia ya akina mama na walioinuka kitandani wakisema "kumbe ndiyo hivi tu" ni wengi.

Kuhama, hapana. Subiri daftari la wiki tatu na majibu ya hospitali.

Ila kiwanja cha mdogo wako nacho nikieleze, kwa sababu nyaya za umeme ni jambo tofauti na mnara. Zile za Mahumbika ni za kilovolti 132. Umeme unaopita unazungukwa na uga wa sumaku, unaopimwa kwa mikrotesla. Mwaka 1979 Nancy Wertheimer na Ed Leeper walichapisha utafiti wao wa Denver, Marekani, uliohusisha nyaya za umeme na saratani ya damu kwa watoto, na tangu hapo jambo hili limechunguzwa sana. Tafiti zilipojumlishwa mwaka 2000, watoto wachache waliokuwa kwenye nyumba zenye wastani wa zaidi ya mikrotesla 0.4 walionekana kupata ugonjwa huo karibu mara mbili ya wengine. Ni ugonjwa wa nadra, nyumba za namna hiyo ni chache, na haijathibitika kwamba sumaku ndiyo chanzo, lakini alama ya "huenda" iliwekwa hapo pia. Kiwango cha kimataifa kwa wananchi ni mikrotesla 200. Ukuta wa matofali hauzuii sumaku hiyo. Kinachoipunguza ni umbali: ukisogea mara mbili inabaki kama robo.

Kwa hiyo mdogo wako asilale na hofu, lakini asijenge kabla hajakwenda ofisi ya TANESCO akaonyeshwa mpaka wa njia ya umeme unaishia wapi. Ndani ya njia hiyo hairuhusiwi kujenga. Waya ukikatika na upepo unaua papo hapo, na nyumba iliyo ndani ya mpaka itabomolewa. Akijenga nje ya mpaka, chumba cha watoto akakiweka upande wa mbali na nyaya, mimi ningelala hapo bila wasiwasi.

Stika zibandue. Kama kweli ingekata mawimbi, simu isingeshika mtandao, au ingejikaza zaidi kuutafuta, na hicho ndicho unachokikimbia. Mikorosho, mwite afisa ugani aitazame, na akishindwa aulize kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele. Mizizi ilikatwa wakati wa kuchimba msingi? Dizeli inamwagika wakati wa kujaza? Mikorosho ina magonjwa yake, na inakauka hata kwenye mashamba yasiyoona mnara.

Sasa shemeji. Mwanangu, ulimwambia mtu mbele ya ukoo, siku ya arobaini, kwamba amemuua mama yake. Halikuwa kweli, na hata lingekuwa kweli pale hapakuwa mahali pake. Mwombe radhi. Usitume ujumbe wa simu. Mweleze kwanza mume wako kila kitu, pamoja na barua hii, kisha mwombe mzee mmoja wa ukoo awapeleke. Piga magoti umwambie: "Shemeji, nilikosa. Mama aliugua kabla ya mnara." Anayetakiwa kulisikia sana neno hilo ni yeye, kwa sababu nina hakika usiku analitafuna peke yake. Ndiye aliyefiwa na mama.

Akikupokea, siku hiyo usizungumze kingine. Mrudie baada ya siku chache na daftari, umwonyeshe masizi ya dirishani, umwambie unamhitaji. Aliyekodisha uwanja ni yeye, mkataba ameweka saini yeye, na wenye mnara watamsikia yeye kuliko sisi wote. Mwombe awaandikie: bomba la moshi ligeuzwe lielekee mbali na nyumba na linyanyuliwe juu, jenereta lifungiwe ndani ya kibanda cha kuzuia kelele, au wafunge sola na betri. Nakala ipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa afya na afisa mazingira wa halmashauri. Wakikaa kimya, moshi na kelele ni mambo ya chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, ambacho wengi wanakijua kwa jina la NEMC. Na kama kijiji bado kina hofu ya mawimbi, kijiji kiombe kupimiwa. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ndiyo yenye vifaa vya kupima minara. Majibu yakija yasomwe kwenye mkutano wa hadhara, kila mtu asikie.

Wale vijana waitwe na wazee kabla hawajafanya waliyokusudia. Kwenye uzio kuna umeme na dizeli, watakufa au watafungwa. Na usiku mwanamke akishikwa na uchungu, namba anayopiga kuita usafiri wa m-mama ni 115. Ataipigia wapi, kwenye kichuguu?

Na Zai. Usimwambie "hutakufa, nyamaza." Mkalishe leo kabla hajalala umwambie ukweli kwa maneno ya mtoto wa miaka 10: bibi aliugua ugonjwa wa tumboni wa akina mama, ulianza kabla mnara haujajengwa, kwake yeye ipo chanjo ya kumkinga nao, na kichwa chake tunakwenda kukitafutia sababu hospitali. Mwambie pia kwamba mama alikosea alichosema siku ile, na atakwenda kuomba radhi kwa bamkubwa. Kisha mpe lile daftari alishike yeye. Darasa la nne anaweza kuandika tarehe, na mbele yake "liliwaka" au "halikuwaka."